Vitenge vya Bwera, Chumvi ya Kabatoro

Kioo cha dirisha la nyuma kilikuwa kimevunjwa, na damu ilikuwa imeganda kwenye kipande kilichobaki. Ndani ya duka, robota la vitenge vipya lililofichwa chini ya magunia ya kahawa halikuwepo. Vitu vingine vyote vilikuwa mahali pake. Mwizi gani huyu asiyepapasa?

Swali hilo lilimkera Inspekta Zubairi tangu alipoingia.

"Afande, usipoteze muda," alisema mwenye duka, Mama Anastasie, mfanyabiashara kutoka Butembo. "Ni ule Yvette! Jana Misa haiyaisha, akatoka. Ni yeye tu njo alijua kwenye vitenge viko. Na mutoto nilimupa kazi juu alipe masomo!"

Yvette alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na duka hilo ndilo lililomsomesha. Tangu jana alikuwa mahabusu katika kituo cha polisi cha Bwera. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mchana huo huo, Kasese. Asipofika, jasho lake lote limekwenda na maji.

"Kwa nini ulitoka kanisani?" Zubairi alimhoji kituoni.

"Kusoma, afande. Nilikuwa nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Hakuna mutu."

Lo! Hilo ni jibu la mwizi, na ni jibu la mtu mwema pia. Zubairi akamkagua mikono. Haikuwa na hata mkwaruzo. Lakini mtu hushindwa nini kumtuma mwenzake? Machozi alikuwa ameyaona mengi katika kazi yake, na hakuyaamini.

"Kabla yako nani aliuza pale?"

"Muhindo. Yeye iko sekondari. Mama alimutoa juu mimi najua Kifaransa ya wateja. Sasa anafanya kazi ziwani, Kabatoro."

Zubairi hakungoja chai. Alilikuta ziwa la chumvi limejaa vijana, maji kiunoni, wakiivuna. Muhindo peke yake alikuwa ukingoni akishona magunia, kitambaa kimezungushwa kiganjani.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa, afande. Ndani ya maji, kutwa nzima."

"Na mkono huo?"

"Chupa ilinikata. Juzi, Jumamosi."

"Kwa hiyo jana uliingia ziwani na kidonda?"

"Ndiyo, afande. Kazi ni kazi."

Zubairi akacheka, lakini hakuwa na furaha yoyote. "Unamdanganya nani, wewe? Mimi nimevuna chumvi hapa hapa nikiwa sekondari. Mwenye jeraha bichi haingii maji haya hata umchape! Leo mwenyewe umekaa nchi kavu. Ungekatwa Jumamosi, jana ungeingiaje?"

Muhindo akawatazama wenzake. Kila mmoja akajifanya ana shughuli.

"Nionyeshe vitenge."

Robota lilikuwa kibandani, chini ya turubai. Kamba yake haikuwa imefunguliwa.

"Hukuuza hata kimoja?"

"Sikutaka kuuza. Nilitaka Yvette afukuzwe. Wote walienda Misa, nikapita dirishani; Mama anapoficha mali napajua tangu zamani. Afande, wewe unaijua hii chumvi. Ngozi inabambuka, darasani hata kukaa huwezi. Yeye anakaa kivulini, anasoma vitabu kwenye kaunta yangu! Kosa langu ni nini? Kifaransa?"

Zubairi alipiga simu Bwera. "Mwachilieni Yvette. Mpakieni kwenye gari, mpelekeni Kasese akafanye mtihani. Sasa hivi, mnasikia?"

Kisha akamtia kijana pingu, taratibu, asije akakigusa kidonda. Alimhurumia, na huruma hiyo ilimuudhi.

"Afande," Muhindo aliuliza walipokuwa garini, "wewe uliwezaje kumaliza shule na kazi hii?"

Zubairi alitamani kumdanganya, akashindwa.

"Sikumaliza nayo. Mama mmoja wa sokoni alinitoa ziwani, akanipa kazi ya dukani."