Wiki ya Kupumzisha Jicho la Satuka

"Rudini makwenu! Hospitali haijanikosea kitu!"

Maneno hayo hayakutoka kwa polisi. Wala kwa daktari.

Yalitoka kwa dada yangu wa damu, Saturnina, mbele ya watu mia mbili niliowatoa kwenye kazi ya chumvi kwa ajili yake!

Mimi nilikuwa juu ya rundo la tairi, langoni mwa hospitali, kipaza sauti mkononi.

"Wamekupa nini, Satuka?"

"Shuka, Eleuterio."

"Wamekununua, siyo?"

"Shuka, mdogo wangu. Unanitia aibu."

Nikamwita msaliti. Kwa kipaza sauti! Mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, bandeji nyeupe imefunika jicho lake la kushoto. Watu wakamzomea. Akajitanda shali lake, akaondoka peke yake.

Nyinyi mnaosoma, subirini kwanza kabla hamjamtukana.

Huku kwetu Uyuni, kwenye jangwa la chumvi, jua linakupiga utosini, kisha chumvi inalirusha tena machoni. Dada amekwangua chumvi miaka thelathini. Miwani ya giza tuliahidiwa na wakubwa wa ushirika tangu nikiwa na meno yote. Wanaivaa wao. Ofisini. Kivulini!

Basi kikamuota kinyama kwenye weupe wa jicho. Mwenye duka la dawa akasema ni vumbi. Bwege yule. Hospitali wakasema ni saratani ya juu ya jicho.

Daktari Arancibia, kijana mwenye viatu visivyowahi kukanyaga chumvi, akasema hatakata. Atatoa matone yanayoua saratani.

"Mara nne kwa siku, wiki nzima. Wiki ya pili mnapumzisha jicho. Kisha mnaanza tena."

"Kwa nini tupumzishe?" nikauliza.

"Ndiyo utaratibu, bwana."

Utaratibu!

Neno hilo nalijua. Mwaka wa ukame, duka la mgodi lilimpa baba nusu ya unga, na msimamizi akasema, "Tumbo nalo lipumzike, mzee." Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka mpaka kifungo kilichokosekana kwenye shati lake.

Kwa hiyo nikajua. Matajiri wanapewa dawa kila wiki. Sisi tunapewa nusu, tunaambiwa tupumzike!

Wiki ya kwanza jicho liliwaka jekundu.

"Linaniuma, Eleuterio. Kama mtu amelitia pilipili."

"Likiuma ndiyo inafanya kazi."

Wiki ya pili, ya kupumzisha, wekundu ukapungua. Dada akafurahi, akapika supu ya chairo, akaimba.

"Unaimba nini?" nikamfokea. "Wanaiacha saratani ipumue!"

Nikafunga barabara na wenzangu: dawa ya wiki zote, la sivyo hapiti mtu! Mawe, tairi, moto. Siku mbili. Mabasi ya watalii yakajipanga mpaka upeo wa macho. Siku ya pili daktari akaja mwenyewe na kisanduku cha baridi, amejaza chupa za wiki zote.

"Bwana Eleuterio, chukua. Lakini ile wiki ya kupumzisha, jicho lina..."

"Tumeshindaaa!"

Nani angesikia mwisho wake? Nilikuwa nimebebwa juu juu!

Tangu siku hiyo nilimtia matone kwa mkono wangu. Hakuna kupumzika. Wiki tano mfululizo.

"Leo tuache, mdogo wangu."

"Tumelala barabarani kwa ajili ya chupa hii, Satuka! Lala chali."

Akalala chali.

Ngozi ya kope ikababuka. Machozi yakawa hayakatiki, akinywa supu yanadondokea bakulini. Taa hawezi kuitazama. Kisha asubuhi moja akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umewasha moto humu ndani? Mbona moshi?"

Hakukuwa na moshi. Kiini cha jicho kilikuwa kimefifia, kama kioo kilichopigwa na ukungu.

Nikapiga mbiu kijiji kizima. Hospitali imemtilia dada yangu sumu! Ndipo tukafika pale langoni.

Alipoondoka, niliingia ndani kwa daktari nimefura kwa hasira.

"Umemtisha nini mpaka akutetee?"

Akafungua faili, akanigeuzia.

*Mgonjwa anasema aliendelea kujitia matone wiki za kupumzisha. Kwa siri. Ndugu yake hakujua.*

Ndugu yake hakujua!

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Matone haya hayachagui," akasema. "Yanaua saratani, yanachoma na ngozi ya jicho yenye afya. Wiki ya kupumzisha, ngozi hiyo inaota tena, saratani haioti. Jicho la dada yako halikupata nafasi hiyo."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Kulikuwa na foleni."

"Na zile chupa za ziada, ulinipa za nini?"

Akatazama dirishani.

"Ulikuwa umefunga barabara. Niliogopa."

Jamani! Katika maisha yangu nimedharau wasimamizi, mawaziri, na shemeji zangu wawili. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau huyo. Anajua itachoma, anaitoa, ili basi lipite!

Kisha nikajitazama mimi. Mtu asiyejua itafanya nini, na bado anaitia.

Dharau yangu yote nikaihamishia kwangu.

Jumapili, mkutano wa kijiji, nilisimama nikasema. Yote. Mpaka la faili.

"Kwa hiyo hospitali haina kosa?" mtu akauliza.

"Inalo! Ilitupa utaratibu bila maelezo, kisha chupa kwa woga. Lakini mkono uliotia ni huu."

Hakuna aliyepiga makofi. Dada akasimama. Saratani yake imekwisha, vipimo vimeonyesha. Lakini jicho lile linaona kama mtu aliye ndani ya mfuko wa plastiki, na kwenye chumvi harudi tena.

Nilingoja anisamehe. Au anipige kofi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Basi kaa chini. Kuna wenzetu watatu humu wana vinyama kama changu." Akageukia mlangoni, alikosimama Arancibia na kofia mkononi. "Daktari, njoo mbele. Leo utaeleza mpaka tuchoke kuuliza."

Nikakaa.

Ukiambiwa "ndiyo utaratibu", usiondoke kwenye kiti. Uliza kwa nini, na ungoje jibu, maana kudai chupa nyingi bila kujua zinafanya nini ni ushujaa wa punda.

Na wewe unayetaka kuniandikia "pole kaka" hapo chini, kaa nayo. Nenda kamuulize mgonjwa wako dawa inamfanyaje. Akisema tuache leo, funga mdomo umsikilize.