Nilibadilisha Sura Yake, Mlango Wake Nikauacha

Nina miaka ishirini na sita. Nimemaliza chuo, ajira sijapata, naishi kwa mama mdogo hapa Katoro, Geita. Mimi ni mtu wa kuwaza mno... Nikiandika ujumbe nausoma mara tatu, nautuma, kisha naufuta kabla haujajibiwa. Lakini kosa ninalowasimulia leo sikuliwaza hata kidogo!

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke ninayependa wanawake. Najua wapo watakaonihukumu kwa hilo. Nawaomba, kama ni lazima mnihukumu, basi iwe kwa kosa langu halisi. Nalo ni hili nililomfanyia Minza, ingawa jina hilo si lake.

Minza ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bukombe, aliyepanga chumba na baraza kwa Mama Kulwa. Hatukuwa wapenzi. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia, huku akitia kiraka suruali ya mchimbaji, "Acha kujitesa wewe. Tupo wengi, ila hatupigi debe."

Siku ile nilicheka hadi machozi yakanitoka. Ndipo nikaanza kuchora katuni kwenye simu. Wanawake wawili, Tabu na Siwema, wanaishi pamoja, wanapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, wanagombania nani aende kuteka maji. Nilikuwa naziweka kwenye kundi la siri mtandaoni. Msomaji mmoja wa Chato aliniandikia kwamba amesoma katuni nyingi za nje zenye watu kama sisi, lakini hajawahi kuona wanaokula michembe... tena wasiouawa mwishoni!

Tabu alikuwa Minza. Nilimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti moja tu: asitambulike. Basi nikambadilisha pua, kimo, kabila. Cherehani nikaiondoa, nikamfanya muuza dagaa. Nani angemjua?

Kisha yule wa Chato akanitania mbele ya kundi zima: "Dada, hawa wanaishi wapi, mbinguni? Mbona hawana hata ndoo?"

Niliona aibu. Nilipokwenda tena kwa Minza, nikapiga picha za baraza lake bila kumwambia. Nyumbani nikaiweka picha chini ya mchoro, nikafuatisha mistari juu yake, kama tufanyavyo wachoraji wengi. Ndoo, kigoda, mlango... Mlango wa bati uliozibwa tundu kwa kipande cha kopo la mafuta ya kula, chenye picha ya ua la alizeti iliyokaa kichwa chini. Katoro nzima hakuna mlango mwingine kama ule! Sura niliihangaikia wiki nzima. Mlango niliuchora huku nasikiliza redio.

Kuna aliyeutoa mchoro ule nje ya kundi. Ukapita simu hadi simu, hadi kwa wateja wa Minza. Wakaanza kumtania, "Fundi Alizeti, mkeo kapika nini leo?" Kwanza ilikuwa utani. Baadaye wakaacha kuleta nguo.

Sikuyajua hayo. Nilikwenda kumsalimia tu, nikakuta uani kumejaa watu. Mama Kulwa alikuwa ameshika simu, na Minza amekaa kwenye kigoda katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo, mwanangu, wewe uliyesoma. Mwenzako hataki kusema. Hii katuni ya nyumba yangu unaijua? Nani kaichora?"

Jamani... Nilimwaza mama mdogo. Nikawaza kanisa, ajira, polisi. Niliwaza yote hayo kwa pumzi moja, kisha nikajibu, "Siijui, mama."

Mwanamume mmoja akaguna. "Haijui! Kila siku si yuko hapa?"

Na mimi, ili niaminiwe, nikaongeza, "Huyu hata simfahamu vizuri."

Minza alinitazama. Angeweza kunitaja! Badala yake akainuka, akachomoa gauni la mteja wake mmoja kwenye kamba, akalikunja, akanitia mikononi. "Mwacheni dada wa watu," alisema. "Kafuata nguo yake. Dada, nenda."

Nikaenda! Niliondoka na gauni lisilonitosha wala lisilo langu, nikamwacha peke yake katikati ya watu wale. Jioni ile Mama Kulwa alimfukuza. Walioshuhudia walisema hakuna aliyemsaidia hata kubeba cherehani.

Kwa hofu nikafuta kila kitu. Katuni zote, kundi lote, bila hata kuwaaga wasomaji. Nilidhani ndiyo njia ya kumlinda. Au nilikuwa najilinda mimi?

Muda mrefu ulipita kabla Minza hajaniandikia. Alisema yuko salama, mbali, nisimtafute. Kisha akaandika: "Nilikwenda kumtazama Tabu kwenye katuni zako, nikakuta hayupo. Mama Kulwa alinitoa kwenye chumba. Wewe umenitoa hata kule nilikokuwa naishi vizuri."

Niliandika jibu, nikalisoma mara tatu, nikalifuta kabla ya kulituma.

Ndugu zangu, ukichora au ukisimulia maisha ya mtu, mwonyeshe kazi yako kabla haijaonwa na wengine. Macho yake yataona usichokiona. Na siku utakapoulizwa mbele ya watu kama unamfahamu rafiki yako, nakusihi, sema ndiyo haraka, kabla woga haujapata nafasi ya kukushauri. Mimi niliusikiliza... na uliongea kwa busara sana.