Bibi Aliyesali Nje ya Mlango

"Sisomi uongo!" Chiriku alisema, akairudisha karatasi mezani.

Baba mkubwa, aliyekuwa akifunga tai mbele ya kioo cha kabati, aligeuka. "Nimeandika kwamba mama yangu alikuwa mtu wa sala. Huo ni uongo?"

"Huo ni ukweli. Uongo ni hapa: 'Hakuwahi kugombana na mtu.' Bibi yetu huyu huyu, Baba mkubwa?"

Mama, aliyekuwa akipiga pasi gauni, alicheka puani.

Mwaka ulikuwa umetimia tangu Bibi afariki, na asubuhi ile palikuwa na ibada ya kumkumbuka. Chiriku alichaguliwa kusoma habari za maisha yake kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Jina lenyewe la Chiriku alipewa na Bibi kwa sababu ya mdomo wake.

"Kwa nini hukuandika habari ya mlango?" aliuliza.

Habari ya mlango waliijua wote. Zamani mzee mmoja wa kanisa aliamuru akina mama wenye watoto wachanga wakae nje na mlango ufungwe, eti vilio vinaharibu mahubiri. Bibi hakubishana kwa maneno. Alibeba Biblia yake, akatoka, akaketi nao juani. Kisha akaanza kusali kwa sauti, akiwaombea wazee mioyo laini, hata mahubiri yakawa hayasikiki. Jumapili iliyofuata akafanya vivyo hivyo, na nyingine tena, mpaka mlango ukafunguliwa na akina mama wakaingia na watoto wao.

"Mzee yule bado yu hai," Baba mkubwa alisema. "Leo atakaa mbele kabisa!"

"Basi atasikia vizuri."

"Umeona, shemeji? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!"

"Huyu alilelewa na mama yako," Mama alijibu. "Mimi nilikuwa nikishinda kazini."

Baba mkubwa aliichukua karatasi, akaikunja. "Nitasoma mwenyewe. Sitaki familia yetu inyooshewe vidole kanisani."

Chiriku alihisi machozi yakimlenga, lakini hakurudi nyuma. "Ukisoma hivyo, nitasimama niseme si kweli. Hata ukinichapa."

Mama alichomoa pasi, akaja mezani.

"Hapana, hutapiga kelele ibadani," alimwambia bintiye. "Na wewe shemeji, nisikilize. Siku ile nilikuwa nje. Mtoto aliyekuwa akilia alikuwa huyu. Mama yako alimpokea mikononi mwangu, akasali naye begani. Alimpenda Mungu, ndiyo maana hakuogopa watu. Ukiuficha ugomvi ule, umeificha na imani yake. Kumsifu mtu kwa uongo ni kumzika mara ya pili. Aliyeishi vizuri anatosha kwa ukweli wake."

Baba mkubwa alishusha pumzi. Akavuta kiti, akaketi, akaikunjua karatasi na kuinyoosha kwa kiganja.

"Haya, kata," alisema, akimpa Chiriku kalamu. "Ila uandike pia kwamba aliimba vizuri. Nawajua nyinyi, mtabakiza ugomvi mtupu."

Chiriku aliikata ile sentensi kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika: *Bibi aligombana, na alikuwa na sababu.* Kisha akaandika habari ya mlango yote, na mwisho ile ya kuimba.

Walipotoka kwenda kanisani, alikuwa bado anaipuliza karatasi ili wino ukauke.