Mchunga Ulioruka Ua

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, masika yalinyesha vizuri Bongwe. Mahindi yakaota, na mchunga, lile gugu lenye majani machungu, ukaota katikati yake. Mwanapili hakuutaka mchunga hata kuuona. Kila asubuhi aliung'oa shambani kwake, akaurusha ng'ambo ya ua, upande wa jirani yake Kadzo.

Kadzo, ambaye majirani walimwita Mama Garama, alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Kinango. Kila mchunga ulipoanguka kwake, aliitikia kwa sauti.

"Ahsante kwa mboga, mwanangu."

Mwanapili alinuna. Kwake hicho kilikuwa kijembe kitupu.

Alikuwa na jambo jingine moyoni. Alikuwa mja mzito wa miezi sita. Bi Hannah, muuguzi wa kliniki ya Msambweni, alikuwa amemchoma kidole na kumpima damu.

"Damu yako ni kidogo, mama," alimwambia. "Umeze vidonge hivi, na ule mboga za majani kila siku. Mwezi ujao nitakupima tena. Damu isipopanda, nitakulaza wodini mpaka ujifungue."

Neno hilo lilimnyima raha. Mwanawe Chiku alikuwa na miaka mitatu, na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Mumewe Salimu alikuwa mpishi katika hoteli huko Galu. Alikuja nyumbani Ijumaa tu, na kabichi moja mkononi. Jumamosi jioni kabichi ilikuwa imekwisha. Siku nyingine walikula sima kwa mchuzi mwepesi, wakingoja Ijumaa.

Asubuhi moja Mwanapili alipalilia mpaka kichwa kikamzunguka. Akarusha mchunga, akasikia tena "ahsante". Hapo uvumilivu ukamwisha. Akamshika Chiku mkono, akazunguka ua.

"Shikamoo," alisema, maana adabu ni adabu hata ukienda kugombana.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama Garama, nimekukosea nini? Mbona kila siku wanifanyia kejeli?"

Kadzo alimtazama, kisha akafunua chungu jikoni. Ndani mlikuwa na mchunga, umeiva kwa tui la nazi.

"Kejeli gani? Mimi naula. Kila siku najiambia, jirani huyu ni mkarimu, ila hapendi kuja kunisalimu."

Mwanapili aliona haya. Kisha akacheka mpaka akatafuta kigoda akae.

"Lakini mama, hiki si chakula cha mwaka wa njaa? Bibi yangu aliuchemsha kwa magadi, akamwaga maji mara tatu, na bado ulitushinda. Sasa tuna uhuru. Watu wanakula kabichi."

"Kula kabichi yako Ijumaa," Kadzo alisema. "Jumatatu je? Na bibi yako, Mungu amrehemu, alimwaga uzuri wote wa mboga nyuma ya jiko."

Akamchukua mpaka shambani. Akachuma jani refu lenye meno pembeni, na maziwa meupe yakatoka penye kikonyo.

"Huu ndio wenyewe. Chuma majani machanga, kabla haujatoa ua la manjano. Ukishatoa ua, unakuwa mchungu mno. Usichume kando ya choo wala pale ng'ombe wanapotiwa dawa. Na jani usilolijua, uliza kwanza."

"Na ule uchungu?"

"Changanya. Konzi moja ya mchunga, konzi mbili za mchicha au mnavu. Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyakate. Tia katika maji kidogo yanayochemka, na usiyamwage. Yakilainika, tia kitunguu, nyanya na tui. Likichemka, epua. Mezani kamulia ndimu."

"Nikila hivi niache vidonge?"

"Hata kidogo. Vidonge ni vya Bi Hannah, mboga ni yetu. Vyote viende pamoja."

Siku hiyo Mwanapili alipika mwenyewe. Chiku alitema tonge la kwanza. La pili alilitafuna kwa mashaka, na la tatu akaliomba. Ijumaa Salimu alikula polepole, kama walavyo wapishi wanapoonja kazi ya mwingine. Akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Mboga gani hii?"

"Ile niliyokuwa namtupia Mama Garama."

"Umemtupia tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

Salimu alishika kichwa. "Na mimi nabeba kabichi kutoka Galu kwa miguu."

Wakala mchunga mwezi mzima. Siku ya kliniki ilipofika, Salimu aliomba ruhusa kazini. Alifunga furushi la wodini: kanga mbili, mkeka, sahani na kikombe. Kadzo alibaki na Chiku, naye Chiku alilia sana mamake alipoondoka.

Bi Hannah alimchoma Mwanapili kidole. Akapima, akaandika, akapima tena. Mwanapili hakuweza kumtazama usoni.

"Imepanda, mama," Bi Hannah alisema. "Imepanda vizuri. Endelea na vidonge na mboga, na siku zikitimia uje ujifungulie hapa. Leo nenda zako nyumbani."

Mwanapili alimshukuru. Alitoka nje mbio, kadiri mja mzito awezavyo kukimbia. Salimu alikuwa amekaa kwenye benchi, furushi mapajani, macho chini.

"Simama, baba Chiku," alimwambia, akicheka na machozi yakimtoka. "Lete kanga zangu. Tunarudi nyumbani kwa Chiku."