Bao la Bure

Rimoti ya pili ilikuwa na joto.

Wakili aliishika akipangusa vumbi kwenye chumba cha kushonea, akaiachia kama kaa la moto. Mama yake, fundi cherehani aliyecheza gemu ya mpira kati ya mteja na mteja, alikuwa na mwezi mzima kaburini, na rimoti ile haikuwa na mwenyewe mwingine.

"Nilisema mimi!" mama mdogo alinong'ona mlangoni. "Mtu mzima na mvi zake, kutwa kupiga kelele mbele ya runinga! Kakaribisha majini. Tuichome hiyo mashine leo hii."

"Cherehani yake ilikusomesha, mama mdogo. Hukuona haya kula jasho lake, unaona haya kicheko chake?"

Kabla hajajibiwa, runinga ikawaka yenyewe, na harufu ya mafuta ya cherehani ikajaa chumbani, tamu, ya kumliza mtu, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi uliofukuliwa, nayo ikazidi kadiri kiti cha mama kilivyolalamika, taratibu, kama kinavyolalamika kiti kinapokaliwa na mtu mzito.

"Kaa tucheze, mwanangu."

Sauti yenyewe! Mama mdogo akaziba mdomo kwa viganja. Wakili akachukua rimoti yake, akakaa, nani asingekaa? Akacheza machozi yakimtiririka. Akafunga bao. Akafunga la pili, na la tatu. Kipa wa upande wa pili alimpisha kama mlango ulioachwa wazi.

"Hongera, mwanangu. Sema tu 'karibu, mama', nisiondoke tena."

Neno likamfika ulimini. Ndipo akatazama matokeo: tatu bila.

Tatu bila? Mama huyu huyu aliyemfunga saba mwanawe akiwa hoi kwa homa, kisha akaenda kumkorogea uji huku akimcheka, "Kata rufaa, Wakili!"

Akaitupa rimoti.

"Wewe si mama yangu."

"Mwanangu..."

"Koma! Mama yangu alinipenda. Hakunipa bao la bure hata siku moja, ndiyo maana leo sinyamazishwi na mtu. Sura umeiba, sauti umeiba, ubishi wake umekushinda. Sikukaribishi. Toka!"

Gurudumu la cherehani likazunguka kwa kasi bila mguu wa mtu, sindano ikadunda kwenye mbao tupu, nguo za wateja zikajaa upepo ukutani kama zilizovaliwa, kitu kikapiga yowe lisilo la mama wala la binadamu yeyote, kikampita mama mdogo mlangoni, na harufu yake ya udongo kikaondoka nayo.

Cherehani ikasimama.

Mama mdogo akajikokota hadi kwenye kiti, akaiokota rimoti ya pili.

"Nifundishe," alisema. "Lakini unihurumie."

Wakili hakumhurumia. Alimfunga sita.

"Kata rufaa, mama mdogo!"

Mama mdogo alicheka mpaka akalia. Alipoiweka rimoti ya pili mezani, Wakili aliigusa. Ilikuwa na joto. Joto la mtu.