Sufuri Mbele ya Wakurugenzi

Kengele ya lifti ililia: watu wamezidi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, ukumbi wa kampuni ya ndege umefurika. Wakashuka wawili kwa mpigo, dada mwenye gauni la kijani lililomkaa barabara, na kijana mrefu mwenye shati la samawati lililonyooshwa pasi. Lifti ikaenda zake.

"Ungebaki, mimi nilishashuka," dada akasema.

"Ningebaki, ningekuona saa ngapi?"

Akacheka bila kupenda.

Kazi zao zilikuwa pua na mdomo. Kila tiketi iliyokatwa iliingia kwenye kompyuta kuu kama ujumbe, na jumbe zikapanga foleni. Dada ndiye aliyezisimamia; wenzake walimwita Dada Foleni. Kijana, Bwana Takwimu, alikusanya hesabu za foleni hizo kila dakika, jumbe ngapi zinasubiri na kwa muda gani, akazionyesha kwenye skrini ya ufuatiliaji.

Haukupita mwezi, wakawa hawaachani kwenye simu.

"Laazizi, foleni yako ya tatu inachechemea."

"Unanipenda mimi au foleni zangu?"

"Zenyewe hazininunii."

Kisha ikaja Jumanne. Kwenye kikao, mkuu wa kitengo alitundika mchoro mwekundu: jana yake tiketi zilikwama dakika arobaini. "Foleni za dada yetu," akasema, na papo hapo akalifuta jina lake kwenye orodha ya wanaopandishwa cheo. Dada Foleni alihisi uso unawaka. Takwimu zile alikuwa nazo mtu mmoja tu.

Simu ikaita mara tisa siku ile. Hakupokea. "Kaniuza," alimwambia dada yake nyumbani. "Na mimi nitamtoa jasho mbele za watu."

"Muulize kwanza, mdogo wangu."

"Nimuulize nini? Macho sina?"

Alhamisi, Bwana Takwimu alikuwa awaonyeshe wakurugenzi skrini yake mpya. Saa kumi kasoro dakika tatu, Dada Foleni aliandika amri moja: ukusanyaji wa takwimu usimame. Tiketi ziliendelea kukatwa, abiria hawakujua lolote. Akapaka rangi ya midomo, akaenda kukaa kiti cha nyuma.

Skrini ikawaka. Sufuri. Sufuri. Sufuri.

"Kampuni imefungwa?" mkurugenzi mkuu aliuliza, na chumba kizima kikacheka. Kijana alibonyeza, akabonyeza tena, tai mpya ikamkaba. Dada Foleni alimtazama akilowa jasho, moyo ukamtulia kama aliyekunywa maji ya baridi.

Kesho yake asubuhi kijana alisimama mezani kwake, akaweka karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa pili wa ripoti yake ya Jumatatu: *Kosa si la msimamizi wa foleni. Mkuu wa kitengo aliamuru kompyuta izimwe na kuwashwa saa sita mchana, akakataa ushauri wake.* Mkuu alikuwa ameunyofoa. Ya pili ilikuwa kumbukumbu ya kompyuta: amri ya jana, dakika yake, na kitambulisho cha aliyeitoa.

"Sijamwonyesha mtu," akasema. "Kaa nazo." Akaondoka.

Utamu wote ukamgeukia shubiri. Lakini hasira haikuisha, ilibadili njia tu. Alipanda hadi kwa mkurugenzi mkuu, akaziweka zote mbili mbele yake.

"Hii ni dhambi yangu, niadhibu. Na hii ni ya mkuu wangu. Sitaki aipone."

Hakuipona, Ijumaa hiyohiyo alinyang'anywa kitengo. Dada Foleni akasimamishwa kazi wiki tatu. Alimpigia kijana asubuhi, akampigia mchana, siku baada ya siku. Simu iliita mpaka ikakata.

Siku ya kumi na tisa, ikaita ya kwake.

"Simu zako nilikuwa naziona," sauti ya kijana ikasema. "Niliziacha makusudi. Nilitaka uumie."

"Nimeumia. Umeridhika?"

"Kidogo." Akavuta pumzi. "Nimemwambia mama ulichonifanya. Anataka kumwona huyo mwanamke, Jumapili mchana."

"Ili anitukane?"

"Atakutukana, mama namjua. Akimaliza, nitamwambia ndiye mkwe wake. Kama unakubali."

Dada Foleni alikaa kitandani, machozi na kicheko vikigombea uso wake.

"Mwambie anitukane polepole," akasema. "Nakuja."