Nyayo Kwenye Picha ya Ngalawa

"Alen, hebu niambie tena. Pangani ulikwenda na nani?"

"Peke yangu, mpenzi. Nimekwambia mara ngapi?"

Loyce hakugeuka. Alikuwa akipangusa vumbi kwenye kioo cha picha iliyotundikwa sebuleni kwake, hapo Lushoto. Alen, mchumba wake, aliichora kwa sindano juu ya bamba la shaba, akapaka wino, akapiga chapa kwenye karatasi: ngalawa tatu zimelala ufukweni Pangani, maji yamekupwa, hakuna mtu. Mwaka mzima Loyce aliitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jamani, aliupenda utulivu wake. Hasa ule ukungu mdogo pembeni mwa ngalawa ya tatu. Ulimkumbusha kwao Mgwashi.

"Kesho kanisani wanasoma tangazo la tatu la ndoa yetu," alisema. "Kabla hawajalisoma, njoo uhesabu hizi nyayo."

"Nyayo gani?"

"Hizi mchangani. Za watu wawili. Zinakwenda pamoja mpaka kwenye ukungu."

Alen akasogea. Akatazama.

"Huo si ukungu, Alen."

Alen akagusa kioo hapo penye ukungu.

"Ukishachora kwenye shaba, kufuta ni kazi," alisema kwa sauti ndogo. "Unakwangua, unasugua, na bado kivuli kinabaki."

"Nani?"

"Efrazia."

"Si ulisema mliachana kabla hujanijua?"

"Loyce..."

"Hapa chini umeandika tarehe kwa penseli. Ni mwezi ule ule baba alipopokea barua yako ya posa."

"Lakini nilimfuta! Si unaona nilimfuta?"

"Ulimfuta mtu, ukasahau nyayo."

Mngedhani hapo kioo kitapasuliwa. Wapi! Loyce hakusikia uchungu wala hasira. Alikuwa mkavu tu, moyo umekufa ganzi kama vidole vya asubuhi ya Julai. Akachukua simu, akaandika:

"Shikamoo Mchungaji. Ni Loyce. Naomba tangazo letu la kesho lisisomwe. Ndoa haipo tena."

Akatuma. Alen akapiga magoti, akalia kwa niaba ya wote wawili. Alipoona machozi hayamsaidii, akainuka na kunyoosha mkono ukutani.

"Basi nichukue na picha yangu."

"Iache hapo," alisema Loyce, akimalizia kupangusa kona ya kioo. "Picha haijanidanganya."